Breki Zenye Subira

Siku mama mkwe wake alipofika na boksi refu kuliko mlango, Nyota Nne alikuwa mezani akitafuta neno la heshima la kusema kwamba tandiko linaumiza matako. Alikwisha kuandika "tandiko lenye msimamo", akalisoma kwa sauti, akaona limekaa vizuri. Hakuna mtengenezaji wa baiskeli atakayekasirika akiambiwa tandiko lake lina msimamo, na msomaji naye atajionea mwenyewe akishalikalia.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Jarida la Gurudumu na Mlima lilitoka kila mwezi, na kila mwezi yeye ndiye aliyewaeleza wasomaji ni baiskeli ipi ya milimani inafaa na ni ipi inafaa zaidi. Isiyofaa haikuwahi kuonekana. Katika miaka sita hakuwahi kutoa nyota tatu, kwa sababu tatu zingemuudhi aliyelipia tangazo la jalada la nyuma, wala hakuwahi kutoa tano, kwa sababu tano zingemtia shaka msomaji. Alitoa nne. Alitoa nne mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika mtaani na nyumbani, na hata mkewe alimwita Nyota Nne, mara nyingine kwa mapenzi.

"Hodi humu ndani," mama mkwe alisema, ingawa alikwisha kuingia. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, na kwa miaka thelathini na minne alikuwa ameingia kwenye vyumba vya watu bila kungoja karibu. "Mkwe wangu, njoo unipokee. Leo nimenunua kazi ya kalamu yako."

Nyota Nne alitoka, akaamkia, akaitikiwa marahaba, akalipokea boksi upande mmoja. Upande wa pili alishika mkewe, ambaye watu wote walimwita Fundi, spana ndogo ikiwa bado mdomoni. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo. Baiskeli za wateja zilining'inia darini kwa ndoano, na kila mgeni, hata awe wa heshima namna gani, alipita katikati ya magurudumu na makopo ya grisi kabla ya kufika sebuleni.

Ubavuni mwa boksi paliandikwa kwa herufi nyekundu: RADI. Nyota Nne alipoyaona maandishi hayo, nusura aliachie boksi.

"Daktari ameniambia magoti yangu yanakubali kupanda mlima, ila kushuka hayataki," mama mkwe alieleza alipokwisha kukaa. "Na mimi kila Jumamosi niko Mtaa wa Juu, kuwaangalia wazazi na vichanga vyao. Nikawaza, kupanda nitakuwa naikokota, kushuka naikalia. Kiinua mgongo changu kimelala tu benki, na mkwe wangu ni mtaalamu. Nani atanidanganya?"

Akatoa mkobani ukurasa wa jarida uliokunjwa mara nne, akavaa miwani, akasoma kama anayesoma barua ya sifa za mwanawe kutoka shuleni. "'Radi ni baiskeli yenye tabia yake. Inazungumza na mpandaji. Breki zake zina subira, na kwa mpandaji mwenye uamuzi, mteremko wowote utakuwa wa kukumbukwa.'" Akavua miwani. "Breki zenye subira. Nilipofika hapo nikasema basi, hii ni yangu. Breki zenye pupa ndizo zinazowarusha watu. Subira huvuta heri." Kisha akaongeza, "Na uamuzi ninao."

Fundi alitoa spana mdomoni, akamtazama mumewe.

Tuseme ukweli sisi, kwa kuwa mwenyewe siku hiyo hakuusema. Pale ofisini kwa jarida kila neno lilikuwa na maana mbili, moja ya msomaji na moja ya wenye nyumba. "Imara" maana yake nzito kama kabati. "Ina tabia yake" maana yake ukikata kulia, inataka kwenda kushoto. "Inazungumza na mpandaji" maana yake kila nati inalia. Na "breki zenye subira" Nyota Nne alilibuni mwenyewe, Mhariri akalisifu wiki nzima. Lilizaliwa siku ya jaribio. Majaribio yote ya milimani yalifanyika kwenye mteremko wa maegesho ya magari chini ya jengo la ofisi, hatua arobaini kutoka juu mpaka chini, na matope ya kwenye picha yalikorogwa na mfagizi ndani ya ndoo. Siku hiyo Nyota Nne alishuka na Radi, akabana breki zote mbili kwa nguvu zake zote, na baiskeli ikaendelea na safari yake kama vile hakuna aliyesema kitu. Ikapita kizuizi, ikampita mlinzi, ikaenda kusimama ukutani. Alirudi ghorofani kiwiko kikivuja damu, akaketi, akaandika neno lake.

"Unaionaje?" mama mkwe aliuliza.

"Umechagua vizuri, mama."

"Wewe ndiye uliyenichagulia," alisema kwa upendo, na upendo huo ndio uliomchoma. "Mwanangu, nifungie vizuri. Nitakaa hapa kwenu mpaka Jumamosi, siku hiyo nataka nishuke nayo."

*

Fundi aliifunga Radi siku iliyofuata. Ilipokamilika, aliinua gurudumu la mbele, akalizungusha, akabana mkono wa breki mpaka ukagusa usukani. Gurudumu likaendelea kuzunguka kwa raha zake.

"Subira," alisema.

Nyota Nne alikuwa amesimama mlangoni akijifanya anatafuta kalamu. "Mbona unanitazama hivyo? Mimi ndiye niliyeziunda?"

"Sikuulizi nani kaziunda. Baiskeli hii uliipanda?"

"Niliipanda."

"Wapi?"

"Mlimani."

"Mlima upi?"

Alikuna kiwiko. "Wa maegesho."

Fundi aliliachia gurudumu. Nyota Nne, kama afanyavyo mtu aliyebanwa kwenye kona, akatafuta wa kubanwa naye. Alionyesha kwa kidole katoni iliyokuwa chini ya meza ya kazi. "Na wewe ulijua. Ile umeagiza lini?"

Hapo alisema kweli. Kila mwezi jarida lilipotoka, Fundi alikuwa wa kwanza kulisoma, penseli ikiwa sikioni. Hakulisoma kwa kutaka baiskeli. Mume alipoandika "ina tabia yake", yeye aliagiza gololi za usukani. Alipoandika "inazungumza", aliagiza nati na washa. Radi iliposifiwa kwa subira, aliagiza katoni nzima ya breki, na haukupita mwezi wenye Radi wakaanza kuingia mmoja mmoja wakichechemea. Nyumba ile ililishwa na nyota nne kutoka pande mbili, mume akisifia, mke akitengeneza. Walikuwa wamelicheka jambo hilo pamoja, wamelala chali kitandani, na liliwachekesha kweli.

"Mkuki kwa nguruwe," Fundi alisema polepole. Alikuwa akijiambia mwenyewe pia. "Wakija wengine tunacheka. Huyu ni mama. Kiinua mgongo chake kitakuja kumvunja mgongo."

"Basi badilisha hizo breki. Katoni hii hapa. Funga nyingine kabla ya Jumamosi, hatajua."

"Hatajua, na ataendelea kukusoma. Mwezi ujao shoga yake atanunua, halafu shoga wa shoga yake. Hapana. Nenda kamwambie."

"Yule ni mama mkwe. Namwambiaje mama mkwe kwamba mimi ni mwongo?"

"Kwa mdomo," Fundi alisema, akarudi kwenye spana zake.

*

Mhariri alikuwa mtu wa peremende. Alizimung'unya tangu asubuhi, na ukimwona ameitafuna moja kabla haijaisha, ujue ana furaha au amekasirika. Alhamisi hiyo alizitafuna mbili.

"Mwenye duka amenipigia," alisema. "Mama wa miaka sitini na minne ameingia na ukurasa wetu mkononi, hakuuliza bei, akanunua. Kumbe ni mkweo. Unaniambia lini?"

"Nilikuwa nakuja kukuambia."

"Jumamosi nakuja na mpiga picha. Bibi anashuka mlima na baiskeli aliyosifiwa na mkwe wake. Watengenezaji wa Radi wakiliona hilo watalipia jalada la nyuma mwaka mzima." Akasogeza karatasi mezani. "Na hii ni barua ya naibu mhariri. Nimeandika jina lako la kweli. Ilibidi niulize watu watatu."

Nyota Nne aliitazama barua. Kwa miaka sita alikuwa akiitaka barua hiyo, na tusimcheke, kwa kuwa naibu mhariri alikuwa na meza karibu na dirisha na hakulazimika kupanda baiskeli yoyote. "Mzee," alisema, "breki zile."

"Zina subira. Neno zuri sana lile."

"Hazishiki."

Mhariri alihamisha peremende kutoka shavu moja kwenda jingine. "Kwani tuliandika zinashika? Nisomee. Hakuna mahali palipoandikwa zinashika. Jarida hili halijawahi kumdanganya mtu. Msomaji wetu ni mtu mzima, anayetaka kuelewa anaelewa."

"Mama mkwe wangu hakuelewa."

"Kwa sababu anakupenda," Mhariri alisema. "Hilo si kosa la jarida."

*

Ijumaa baada ya chakula cha mchana, Fundi alijifungia karakanani kwa kisingizio cha kazi za wateja. Nyota Nne akaona huo ndio wakati. Mama mkwe alikuwa sebuleni, ameweka miguu juu ya kigoda, anapekua daftari lake la kazi lenye jalada gumu la kijani. Lilikuwa moja kati ya tisa. Kila mtoto aliyempokea katika maisha yake alikuwa humo.

"Mama, nilitaka tuzungumze kidogo. Kuhusu breki."

"Ndiyo, baba."

"Zile breki zinahitaji… umbali."

"Kila kitu kizuri kinahitaji umbali," mama mkwe alisema. "Hata ndoa."

"Nina maana hazina haraka."

"Ulishaandika hivyo. Ndicho nilichokipenda."

"Nina maana kwamba, kwa mtu ambaye hajazizoea, zinaweza zikamshangaza."

"Nimeona mapacha wakitoka watatu. Sishangai upesi."

Nyota Nne alijisikia mwenyewe akisema, akapatwa na woga. Maneno laini ya miaka sita yalikuwa yamekaa kwenye ulimi kama wapangaji wasiotaka kuhama, na maneno magumu hayakuwa na pa kupitia. Akafungua mdomo tena. Mama mkwe akamwahi kwa kumsogezea daftari.

"Soma hapa."

Alisoma. Mwandiko ulikuwa wa herufi kubwa, umenyooka. Mtoto wa kiume. Kilo mbili na nusu. Hakulia kwa dakika tatu.

"Mama yake alinishika mkono akanisihi niandike kwamba alilia," mama mkwe alisema. "Alikuwa anaogopa maneno ya watu, kwamba amezaa mtoto bubu. Ningeandika alilia, aliyekuja zamu ya pili asingehangaika kumwangalia. Nikaandika hakulia. Wakamwangalia usiku kucha. Leo ndiye yule anayefyatua matofali pale kwenye kona, chini ya mlima, ana kelele kuliko mashine yake." Akalifunga daftari. "Mficha uchi hazai, baba. Wote walikuja kwangu na aibu zao. Nilikuwa nawaambia tuiweke hapo mlangoni, tutaiokota tukimaliza."

Ulikuwa mlango uliofunguliwa wazi kabisa. Nyota Nne aliuona, akavuta pumzi ili apite.

"Ndiyo maana nakusoma wewe," mama mkwe aliendelea. "Nikaona, huyu naye anaandika kama mimi."

Pumzi ile iliishia hapohapo. Masikio yalimwaka moto, akanyanyuka, akasema anakwenda kuangalia kama maji yamechemka, na hakuna aliyekuwa amebandika maji.

Alimkuta mkewe uani ananawa kwa mafuta ya taa, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. "Umemwambia?" Fundi aliuliza.

"Nimeanza."

"Umeanzia wapi?"

"Kwenye umbali."

Fundi alijifuta kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

*

Jumamosi asubuhi watu walikuwa wamejaa kileleni mwa barabara ya Mtaa wa Juu. Wazazi walikuja na vichanga mgongoni kumwona mkunga wao akipanda baiskeli. Mpiga picha alilala kifudifudi katikati ya njia kutafuta pembe nzuri. Mhariri aligawa peremende. Fundi alisimama pembeni na pampu.

Barabara ilishuka moja kwa moja, halafu chini kabisa ikakata kushoto ghafla. Asiyekata naye aliishia kwenye uwanja wa mfyatua matofali, penye lundo la mchanga na, nyuma ya mchanga, ukuta.

Mama mkwe alikuwa amevaa suruali kwa mara ya kwanza katika maisha ya ndoa ya binti yake. Kofia nyekundu ya plastiki ilikuwa imemkaa kichwani kama sufuria. Alipanda, akaweka mguu mmoja kwenye pedali, akavuta pumzi, akatabasamu kwa ajili ya picha.

"Mama, ukifika kwenye kona ndipo ubane," Mhariri alimwelekeza. "Si mapema, picha itaharibika."

Nyota Nne aliitazama kona. Akauona ukuta. Akayaona yale magoti mawili yaliyochoka, na mikono mipana ikibana na kubana, na uso wa mtu anayengoja subira ivute heri. Miguu yake ikaenda yenyewe. Alisimama mbele ya gurudumu, akashika usukani kwa mikono yote miwili.

"Mama, shuka."

"Kuna nini?"

"Breki hazishiki."

"Anatania," Mhariri alisema. "Mkwe na mkwewe."

"Sitanii. Hazishiki. Nilipozijaribu niligonga ukuta. Niliandika zina subira kwa sababu niliogopa kuandika hazishiki." Alidhani angeishia hapo, lakini mfereji ulipozibuka ulitoa yote. "Ina tabia yake maana yake haiendi unakotaka. Inazungumza maana yake imelegea. Matope ya kwenye picha ni ya ndoo. Mlima wenyewe ni maegesho ya magari. Na tandiko, mama, linaumiza matako."

Wazazi walitazama chini. Mtu kutamka neno hilo mbele ya mama mkwe wake halikuwa jambo walilopanda mlima kulisikia, ingawa baadaye wote walikiri kwamba lilistahili mwendo. Mhariri aliitafuna peremende yake ikalia. Nyota Nne alimsikia akikunja karatasi fulani mfukoni, na hakuhitaji kugeuka kujua ni ipi.

Mama mkwe alishuka polepole, kwa sababu ya magoti. Alivua kofia. "Umeandika hivyo mara ngapi?"

"Kila mwezi, mama. Sabini na mbili."

"Na watu wakanunua."

"Wakanunua."

"Na leo kwa nini umesema?"

"Kwa sababu ni wewe."

Alifikiri. "Kwa hiyo wale wengine wote," alisema, "hawakuwa na mkwe."

Nyota Nne alisimama pale ameshika usukani, na moyo ulimuuma, maana hakukasirikiwa, na mtu asiyekasirikiwa hana hata pa kujitetea. Mama mkwe alimpa kofia. "Mimi nakwenda kuwaangalia wazazi wangu. Ishushe hiyo nyumbani."

Alisema ishushe. Hakusema ipande. Angeweza kuikokota taratibu mpaka chini kama mtu mwenye akili. Lakini mbele ya macho yote yale Nyota Nne aliona kwamba adhabu yake imetajwa, na kwamba mwanamume anayeikubali adhabu anaikalia. Akavaa kofia. Fundi alifungua mdomo, akaufunga. Mpiga picha, ambaye kazi yake haikuwa kuuliza, alikimbilia kwenye kona, akalala tena chini.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na hawakuwa wamemwona huyu. "Hazishiki!" alipiga kelele kabla hata gurudumu halijashika kasi. "Hazishiki!" aliwaambia mbuzi wawili na mwanamke aliyekuwa anaanika nguo. Miguu aliikita chini kama nanga, kiatu kimoja kikabaki njiani. Mikono aliikaza kwenye usukani, vidole mbali na breki kabisa, kama mtu anayeogopa kugusa sufuria ya moto. Kona ilikuja. Yeye hakukata. Mfyatua matofali, yule ambaye hakulia kwa dakika tatu, alisogeza toroli lake pembeni kwa adabu, na Nyota Nne akapita hewani mbele yake, akatua kwenye mchanga, kichwa kwanza.

*

Watu waliteremka wote. Mama mkwe alifika wa mwisho, anashuka kwa ubavu, mkono kwenye bega la mzazi mmoja. Alipiga magoti mchangani ingawa yaliuma, akaanza kumkagua mkwe wake.

"Sogeza vidole. Vuta pumzi. Tazama huku. Panauma wapi?"

"Heshima, mama."

"Hiyo haina bandeji."

Fundi aliinua baiskeli mchangani, akaipangusa. Ilikuwa haina hata mkwaruzo. Alizungusha gurudumu la mbele kwa nguvu, likavuma. Akabana breki kwa kidole kimoja. Gurudumu likasimama papo hapo. Akazungusha tena, akabana tena, likasimama tena.

"Nilifunga nyingine jana," alisema. "Ulidhani ningemwacha mama yangu akalie zile?"

Nyota Nne alitema mchanga. "Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka nisikie kama utasema." Alimtazama, na macho yalilainika kidogo. "Umesema. Umechelewa, lakini umesema."

Mama mkwe alikuwa bado amepiga magoti. Alilitazama gurudumu, akamtazama mkwe wake, mchanga ukimtoka masikioni. "Ulibana breki?"

"Hapana, mama."

"Hata mara moja?"

"Nilijua hazishiki."

"Kwa hiyo," mama mkwe alisema, "hata leo hukuijaribu."

Aliyeanza kucheka ni mfyatua matofali, na kweli alikuwa na kelele kuliko mashine yake.

*

Toleo la mwezi uliofuata liliwafikia karakanani asubuhi. Jalada la nyuma lilikuwa la Radi. Ukurasa wa kati ulikuwa na picha ya mtu aliye hewani juu ya lundo la mchanga, mdomo wazi, mguu mmoja bila kiatu. Chini yake paliandikwa: "Uhuru kamili. Radi haimzuii mpandaji kwa lolote. Nyota nne." Mwisho wa maneno hayo ambayo Nyota Nne hakuyaandika palikuwa na jina lake la kuzaliwa, na herufi mbili zilikosewa.

Fundi alikuwa akisoma na penseli mkononi. Kwa mazoea alianza kuandika orodha ya vipuri, akafika neno la pili, akaiweka penseli chini. Mumewe, ambaye sasa kazi yake ilikuwa kuziba pancha za wateja na kuwasikiliza wakimcheka, alinyanyuka kutoka kwenye beseni la maji. Alivuta ubavu wa lile boksi refu, akaugeuza upande usio na maandishi, akatafuta wino wa kuandikia fremu. Aliandika kwa herufi kubwa zilizonyooka, namna aliyoiona kwenye daftari la kijani:

RADI. BREKI HAZISHIKI. BADILISHA KABLA HUJAPANDA. ZIKISHABADILISHWA

Hapo akasita. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, amekuja kuichukua baiskeli yake, maana ilikuwa Jumamosi.

"Zikishabadilishwa inakuwaje?" aliuliza.

"Fundi anasema ni nzuri."

"Sikumuuliza Fundi. Wewe unaipa nyota ngapi?"

Nyota Nne aliutazama ubao wake wa boksi. Kisha akafunika wino, akaitoa Radi kwenye ndoano, akachukua kofia nyekundu.

"Nisubiri kidogo, mama," alisema. "Nakwenda mlimani mara moja."

"Ubane," mama mkwe alisema.

"Nitabana, mama."